Mninga wa Namanyere na Sauti ya Mandolini

Barabara itokayo Mpanda kuelekea Sumbawanga hupanda uwanda wa Ufipa na kupita Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa. Hapo hujitenga njia nyingine inayoteremka magharibi hadi Kirando na Kipili, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Juu ya uwanda miti ni haba; nchi ni ya nyasi, mahindi na upepo. Lakini kwenye miteremko ya kuingia ziwani, na kaskazini kuelekea Katavi, umo msitu wa miombo, na ndani ya msitu huo umo mninga. Msomaji wa mwambao anaujua mti huu kwa sura zake za mwisho: mlango, kitanda, kabati, meza. Ubao wake wa hudhurungi iliyochanganyika na wekundu umesafiri miaka na miaka kutoka nyanda za magharibi hadi Dar es Salaam, bila ya watu wengi kuuliza kama ubao huo unaweza kuimba.

Swali hili si la mzaha. Udi, ala iliyo mama wa taarabu, jina lake kwa Kiarabu maana yake ni mti tu. Mswahili amelipokea neno hilo mara mbili: udi wa kufukiza na udi wa kupiga, na katika hizo mbili mti ndio unaotoa kilichofichika ndani yake, mmoja kwa moto na wa pili kwa risha. Kabla udi wa uso wa mbao haujashika nafasi, mwambao ulikuwa na gambusi, ambalo wengine waliliita kibangala. Ala hiyo, yenye asili ya Yemeni na ndugu zake huko Komoro na Bukini, mwili wake na shingo yake vilichongwa kutoka kipande kimoja cha gogo, kisha sehemu ya chini ya uso ikawambwa ngozi. Sauti yake ilikuwa kavu na ya karibu, yafaa chumba cha watu kumi wanaosikiliza maneno. Lakini ngozi ina adui, naye ni hewa ya bahari. Masika yakiingia hulegea, na sauti hushuka pamoja nayo. Fundi huikausha kwenye joto, na baada ya saa moja hurudi palepale.

Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, anasimuliwa kuwa ndiye aliyemtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni. Mwaka 1905 iliundwa Ikhwani Safaa, na muziki wa Misri ukapata makao ya kudumu visiwani. Watu huyasimulia mambo haya kama historia ya mapendeleo ya watawala na mabwana wa mji, na ni kweli. Lakini ndani yake imo pia historia ya ufundi: uso wa ngozi uliupisha uso wa mbao, na wapigaji wakapata ala isiyolegea kwa kila wingu linalopita. Huo ulikuwa uboreshaji wa sauti, hata kama hakuna aliyeuita hivyo.

Udi uleule ulikuwa umekwisha kwenda njia nyingine zamani sana. Kupitia Andalusia uliingia Ulaya, ukabadilika, ukazaa ala kubwa na ndogo. Na katika zile ndogo, huko Italia, likatokea mandolini. Hilo la Naples, la katikati ya karne ya 18, lilikuwa na tumbo la duara lililoungwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyokunjwa kwa joto kama mbavu za chombo. Lilikuwa na nyuzi nane zilizopangwa mbili mbili, zikilinganishwa kama za fidla. Wolfgang Amadeus Mozart alipolitia katika opera yake ya Don Giovanni mwaka 1787, lilikuwa bado ala nyepesi yenye nyuzi laini, na sauti yake haikuweza kupita mbali.

Hapa ndipo panapoanza ugomvi ambao mafundi wameusuluhisha kila mmoja kwa njia yake, na ambao haujesha hata leo. Uzi uliokazwa sana hutoa sauti kubwa na safi. Lakini uzi huo huvuta shingo mbele na kuikandamiza daraja, kile kipande cha mti kinachoubeba juu ya uso. Ili uso usivunjike sharti uwe mnene; na uso ukiwa mnene haucheki wala haulii. Ukipunguzwa ukawa mwembamba, huzungumza vizuri kwa miezi michache, kisha hubonyea chini ya daraja. Mshairi anaijua hali hii kwa jina lingine: mizani ikikazwa kupita kiasi maana hukosa pumzi, na ikilegezwa beti hubonyea.

Ala hii ina upungufu wa pili, ambao mpenzi wa taarabu ataufahamu haraka. Mwimbaji huvuta irabu ya kina na kuikalia. Fidla huweza kumfuata kwa sababu upinde haukatiki, na nai huweza kwa sababu ya pumzi. Mandolini haliwezi. Uzi wake mfupi ukishapigwa, sauti hufa mara. Ndiyo maana mpigaji hutetemesha risha juu na chini kwa kasi, hata vishindo vidogo vikaungana masikioni kuwa sauti moja ndefu. Mtetemo huo, ambao wengi huudhani kuwa pambo, asili yake ni dawa ya ugonjwa.

Pasquale Vinaccia wa Naples, mtoto wa ukoo wa waunda mandolini, ndiye anayetajwa sana kwa mabadiliko ya miaka ya 1830. Alitia nyuzi za chuma cha pua, akairefusha na kuiinua njia ya vidole, akaweka vifungo vya chuma vya kukazia nyuzi mahali pa vigingi vya mti vilivyokuwa vikiteleza. Uso nao ulikuwa umevunjwa kidogo nyuma ya daraja, ukainama kuelekea mkiani, ili ubao mwembamba uweze kubeba mzigo kama paa linavyobeba mvua. Jambo la kuzingatia ni kwamba uzi wa chuma ndio uliotangulia kuleta sauti, na mwili ukalazimika kuufuata. Mandolini yote yaliyokuja baadaye ni watoto wa waya.

Hatua iliyofuata ilikuwa Marekani. Orville Gibson, aliyekuwa akifanya kazi Kalamazoo, Michigan, alipata hataza yake mwaka 1898. Yeye aliuchukia mti uliokunjwa. Aliona kwamba ubao uliolazimishwa kwa joto na gundi hubaki na kinyongo ndani yake, nao huzuia sauti; kwa hiyo alichonga uso na mgongo kwa matao kama ya fidla, na mbavu akazikata kutoka mti mzima bila kuzikunja. Wazo lake lilikuwa kweli nusu. Mandolini yake mengi yalikuwa mazito, nyuso zake nene, na yeye mwenyewe hakudumu katika kampuni iliyoundwa kwa jina lake mwaka 1902. Lakini bila ya kujua alikuwa amerudi kwa mchonga gambusi, aliyeamini vilevile kwamba mti usikunjwe bali utolewe ndani ya gogo.

Lloyd Loar ndiye aliyelikamilisha wazo hilo. Alikuwa mpigaji na mwanafunzi wa sauti, na mandolini aina ya F-5 aliyotia saini kuanzia 1922 hadi mwisho wa 1924 ndiyo kipimo ambacho waundaji wa sasa hujipima nacho. Alibadilisha mengi, lakini matatu yanatosha kutajwa. Tundu moja la katikati ya uso aliliacha, akakata matundu mawili membamba ya pembeni kama ya fidla, na hivyo sehemu ya katikati ikabaki nzima. Shingo aliirefusha kutoka mwilini, daraja likasogea hadi kitovu cha uso, mahali ambapo ubao huwa huru zaidi kutikisika. Na njia ya vidole aliiinua isiuguse uso, isije ikaunyamazisha. Chini ya uso ziliwekwa fito mbili za kuubeba, nazo zilipunguzwa kidogo kidogo huku ubao ukigongwa kwa kidole na kusikilizwa. Shingo iliimarishwa kwa fimbo ya chuma iliyobuniwa na Ted McHugh katika karakana hiyohiyo.

Ukitazama vizuri, karibu yote aliyoyafanya Loar ni kuondoa kitu mahali kinapozuia na kukiacha mahali kinapobeba.

Mandolini lilifika masikio ya Afrika Mashariki kwa njia zaidi ya moja. Santuri alizorekodi Siti binti Saad na wenzake huko Bombay mwaka 1928 zilionyesha kwamba ala za nyuzi zinaweza kusafiri mbali kuliko wapigaji wake. Baadaye zikaja filamu za Kihindi, na mmoja wa waliosifika katika nyimbo za filamu hizo alikuwa Sajjad Hussain, mtunzi na bingwa wa mandolini. Mombasa, ambako Juma Bhalo alijenga sifa yake juu ya mahadhi ya Kihindi, sikio lilikwisha kuzoea mlio wa waya uliokazwa. Hata taishokoto, ile ala ya vibonyezo iliyobuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912 na kupitia India hadi Lamu na Mombasa, ni jamaa wa tabia hiyohiyo: nyuzi za chuma, risha, na sauti inayopenya. Tofauti ni kwamba vibonyezo vilitiwa ili kurahisisha vidole. Sauti haikunufaika nacho kitu, na mpigaji wa taishokoto aliye mkweli atakubali.

Bara ilikwenda kwa mwendo wake. Richard Burton, aliyefika Ziwa Tanganyika mwaka 1858, alieleza zeze na kinanda alivyovikuta njiani, na hakuvisifu. Alikuwa mtu wa kusifu kwa shida. Karne moja baadaye magitaa ya Gallotone, yaliyoundwa Afrika Kusini kwa bei ya mfanyakazi wa mgodi, yalienea hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambako wanaume wa Ufipa nao walikwenda kutafuta kazi. Asiyeweza kulinunua aliliunda. Huko Zambia ya kaskazini, ng'ambo ya mpaka wa Ufipa, banjo za kuundwa kwa mkono zilizaa muziki wa kalindula: mbao za masanduku, bati, ngozi, na nyuzi zilizochambuliwa kutoka waya za breki za baiskeli. Ni rahisi kuzicheka ala hizo. Lakini kijana aliyechambua waya wa breki na kuona kwamba uzi mmoja huimba na msuko mzima haulii, amegundua nusu ya alichokigundua Vinaccia.

Wala Ufipa si nchi ngeni kwa elimu ya kuboresha kitu kwa hatua. Wafipa waliyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo, malungu, yenye kimo cha mita tatu hivi, yaliyovuta hewa yenyewe bila ya mivuo. Masalia yake bado yanaonekana Rukwa. Chuma kilichotoka humo hakikuhesabiwa kuwa kimekwisha. Kilitiwa tena katika tanuru dogo, safari hii kwa mivuo, kikasafishwa, ndipo kikafuliwa kuwa jembe. Moto wa kwanza ulitoa kitu. Moto wa pili ulikipa tabia. Karne ya 20 ilipoleta majembe ya dukani yenye bei nafuu, mioto yote miwili ilizimika. Na kaskazini yao, Unyamwezini, mafundi walijua kuvuta waya mwembamba wa shaba na kuuzungusha juu ya singa za mkia wa mnyama, wakapata bangili inayopinda bila kukatika. Uzi mnene wa mandolini huundwa kwa siri hiyohiyo: moyo mwembamba wa chuma, na juu yake waya mwingine uliozungushwa, ili uwe mzito bila ya kuwa mgumu.

Basi na turudi kwenye mninga. Mandolini huomba miti ya tabia tatu, na miwili kati yake Tanzania inayo kwa wingi wa sifa, ingawa si wa idadi. Kwa daraja na njia ya vidole panatakiwa mti mgumu usioliwa na waya. Huo ni mpingo, mzito hata huzama majini, uzito wake ukipita kilo 1,200 kwa mita ya ujazo. Dunia nzima huutumia kwa zumari za okestra, na hapana haja ya kuusifu zaidi. Kwa mgongo, mbavu na shingo panatakiwa mti wa uzito wa kati, usiopinda na usiopasuka. Mninga ni huo. Mkavu wake una kilo 600 na kitu kwa mita ya ujazo, na sifa yake kubwa, ambayo kila seremala ataitaja kabla ya rangi, ni kwamba husinyaa kidogo sana unapokauka na hutulia ukishakauka.

Utulivu huo si jambo dogo kwa ala itakayoishi Namanyere. Pwani ina masika na vuli, na hewa yake haikauki kamwe. Ufipa ina mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha huja miezi ya ukavu ambapo upepo wa uwandani hunyonya maji kwenye kila ubao. Ala iliyounganishwa Unguja ikipelekwa huko Julai, uso wake husinyaa ilhali mbavu zimeushika, nao hupasuka kwa kufuata nyuzi za mti. Ala iliyounganishwa huko katika ukavu ikiletwa pwani huvimba, tumbo lake hupanda, na nyuzi hukaa juu hata vidole vikauma. Kwa hiyo uboreshaji wa kwanza wa mandolini, kabla ya randa na kabla ya hesabu za matundu, ni ubao uliokauka kweli: uliopasuliwa, ukapangwa kivulini kwa vipande vya kuupa hewa, ukaachwa misimu, tena ukaunganishwa katika hali ya hewa isiyo mbali na ile itakayoishi ala. Mbao za sokoni huuzwa mbichi. Mlango huvumilia, kwa kuwa mlango una bawaba na mtu hauulizi sauti.

Tabia ya tatu ndiyo taabu. Uso wa mandolini hutaka mti mwepesi sana na mgumu sana kwa urefu wake, na Ulaya na Marekani wameupata katika sprusi, mti wa milima ya baridi. Sprusi iliyo nzuri hukua polepole. Majira ya baridi huusimamisha kila mwaka, na pete zake hubanana kama mistari ya mwandiko mzuri. Msindano uliopandwa Sao Hill, Mufindi, ni wa jamaa ya karibu, lakini hukua mbio, pete zake ni pana, na utomvu wake mwingi. Nchi isiyo na theluji haiwezi kuamuru mti wake ukue polepole. Hii ndiyo sababu mtu akisema kwamba mandolini zima litaundwa kwa miti ya Rukwa na litalia kama la Loar, anajidanganya.

Lakini nani aliyesema lilie kama la Loar? Katika miaka ya 1920 kampuni ya Martin ya Marekani iliunda magitaa ambayo hata uso wake ulikuwa wa mahogani, na wapigaji waliyapenda kwa sauti ya chini chini, isiyong'aa, inayoanza upesi na kwisha bila makelele. Mkangazi wa Afrika ni jamaa ya mahogani. Uso wa mkangazi uliopunguzwa kwa busara, juu ya mgongo wa mninga na daraja la mpingo, utatoa mandolini lenye sauti ya joto, fupi, isiyopiga kelele juu ya mwimbaji. Ukumbi wa tamasha hautalitaka. Chumba cha watu kumi wanaosikiliza maneno, kile chumba cha gambusi, kitalitaka sana.

Na kwa mwenye mandolini la dukani, lililoundwa kwa mbao zilizobandikwa tabaka, yapo ya kufanya bila ya kuagiza kitu ng'ambo. Aghalabu miguu ya daraja haikai sawasawa juu ya uso. Seremala huweka msasa juu ya uso wenyewe, akaisugua miguu hiyo juu yake mpaka ikalie tao lote, na sauti hupata mwili siku hiyohiyo. Daraja zito la mti laini hubadilishwa kwa la mpingo lililotobolewa likawa jepesi. Vijia vya nyuzi kwenye kichwa cha shingo hupunguzwa kwa tupa nyembamba, kwa kuwa uzi ukikaa juu mno hapo, kila sauti ya kwanza huwa kali kuliko jina lake. Kisha daraja husogezwa mbele na nyuma hadi sauti ya nusu ya uzi ilingane na ya uzi mzima. Daraja la mandolini halina gundi. Hushikwa na nyuzi tu, na hivyo aliyeiteremsha ala yake kutoka Namanyere hadi Kipili anaweza kulipanga upya hapo ziwani.

Kilichobaki ni mti wenyewe. Mninga huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa, na ukubwa huo umezidi kuwa adimu katika miombo ya magharibi. Kuupanda ni kazi ngumu: mbegu zake, zilizofungwa ndani ya tunda la duara lenye miiba katikati na bawa pembeni, huota chache. Na zinazoota zina desturi yao. Chipukizi hunyauka kila kiangazi, likafa mpaka ardhini, na mvua zikirudi huchipua jingine. Hivyo mwaka baada ya mwaka, na wakati wote huo mzizi unanenepa chini. Mpita njia wa Nkasi huona kijiti kilekile kisichokua. Hadi mzizi utakaposhiba, ndipo shina moja linapoinuka na kupita kimo cha moto wa msituni.